Kanzu nyeupe, uso mweusi: modi gani ya kamera, na lini

Nikaha ilifungwa baada ya alasiri, msikiti mdogo Magomeni, na mi nilikuwa nimepiga magoti hatua mbili tu kutoka kwa bwana harusi. Kila mtu mbele yangu kavaa kanzu nyeupe, ukuta mweupe, zulia peke yake ndo lilikuwa na rangi, na kamera yangu ilikuwa kwenye A, ile modi ambayo wewe unachagua apacha, yaani upana wa tundu la lenzi, na kamera inachagua shata, yaani muda tundu linaopitisha mwanga. Apacha ilikuwa 4, na ISO, ile namba ya kamera inavyoupokea mwanga kwa wepesi, imekaa 400 tangu asubuhi nje barabarani. Mikono ikashikana, yale maneno yakasemwa mara moja na hayarudiwi kwa ajili ya mpiga picha, nikapiga kama fremu 15, nikatupia jicho skrini nikaona kanzu zimekaa vizuri hazijaungua, yaani mwanga haujazidi mpaka zikawa nyeupe tupu, nikaridhika kabisa. Usiku nafungua kwenye kompyuta ndo naona nilichofanya. Kanzu ni za kijivu kama zimefuliwa kwa maji ya mtaro, na nyuso chini ya zile kofia ni mabaka ya giza, macho huyaoni, ndevu na shavu vimeungana. Nikavuta mwanga kwenye programu, nyuso zikatokea, lakini zikatokea na chenga tele, vile vidoadoa kama mchanga, na rangi ya majivu, kama watu wanaumwa.

Mama mzazi wa bwana harusi alikuja mwenyewe kuchukua zile picha. Akaziangalia moja moja, taratibu, alafu akaniuliza bila hasira yoyote, "Mwanangu, mbona wanangu wamekuwa hivi?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kuhusu taa za msikiti au kamera ya bei ndogo, ila nilijua sio hizo. Miaka imepita na bado naandika makala hii kwa sababu ya lile swali, maana naona vijana wengi wananunua kamera, wanajifunza majina ya vitufe vyote, alafu wanaingia kwenye shughuli ya mtu na kufanya kosa lile lile nililofanya mi, na nyuso zinazopotea ni za mama zetu na babu zetu.

Tuanzie hapa. Mita ya kamera haijui kanzu, haijui uso, haijui harusi. Inapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, inaukusanya, alafu inaamini kwamba dunia yote ukiikoroga kwenye sufuria moja inatoka kijivu cha katikati, sio cheupe sio cheusi. Kwaiyo ukiipa unga wa sembe inakuletea unga wa kijivu, na ukiipa gunia la mkaa inakuletea mkaa wa kijivu. Kanzu 20 kwenye fremu moja maana yake mita imeona weupe mwingi, ikasema hapa pamezidi mwanga, ikapunguza, na ilipopunguza ikapunguza na nyuso ambazo tangu mwanzo zilikuwa nyeusi kuliko kanzu mara nyingi tu. Kamera mpya zinatambua sura na zinajitahidi kuipa kipaumbele, nakubali, lakini uso mdogo katikati ya bahari ya weupe bado zinaukosea, nimeona kwa macho yangu kwenye kamera za bei mbaya.

Aliyenifungua akili ni mzee mmoja aliyekuwa na studio Kariakoo enzi za filamu, studio yenyewe ilishafungwa na sasa ni duka la simu. Kamera yake ilikuwa Canon AE-1, ile iliyotoka 1976, ambayo unachagua shata wewe na kamera inakuchagulia apacha, na pembeni ya lenzi kuna kitufe kidogo ambacho ukikibonyeza inaongeza stopu moja na nusu kwa ajili ya mtu aliyesimama na mwanga nyuma yake. Kitufe kile kwenye kamera yake kilikuwa kimesuguka mpaka rangi imetoka. Nilimpelekea zile picha za Magomeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leta nione." Akaangalia muda mrefu. "Ulipima nini hapa?"

"Kamera ndo ilipima, mzee."

"Sikukuuliza nani kapima. Nimekuuliza imepimwa nini."

Alafu akanishika mkono akaugeuza, akaniambia niangalie kiganja changu na kiganja chake. Yeye ni mweusi kuliko mi, tena sana, ila viganja vyetu vilikuwa karibu sawa. Hapo ndo nikajifunza kipimo ambacho natumia mpaka leo: unaweka mita kwenye spoti, yaani ile inayopima kidoa cha katikati tu, unanyoosha mkono kwenye mwanga ule ule utakaomwangukia mtu wako, unajaza kile kidoa kwa kiganja, unapima, alafu unaongeza stopu moja, kwa sababu kiganja ni cheupe kuliko kile kijivu ambacho mita inakitafuta, na usipoongeza kitakuja giza. Umemaliza. Mtu awe mweusi tii, awe maji ya kunde, awe amevaa kanzu au baibui, kipimo ni kimoja, kwa sababu umepima mwanga unaowaangukia wote na sio nguo zao. Shika neno hilo, unapima mwanga, hupimi nguo, maana kila modi nitakayoitaja huko mbele inarudi hapo hapo.

Nikisema stopu nina maana ya mara mbili au nusu, basi. Shata ya 1/125 ikiwa 1/250 umekata mwanga nusu. ISO 400 ikiwa 800 umeongeza mara mbili. Apacha ndo namba zake zinachanganya watu, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, kila ukipanda namba moja mlango wa lenzi unabana na mwanga unapungua nusu, kwaiyo namba kubwa tundu dogo. Picha ya 1/125 na apacha 8, na picha ya 1/500 na apacha 4, kwa ISO ile ile, mwanga wake ni sawa sawa, ila ya kwanza kila kitu kimeonekana mpaka ukuta wa nyuma na mtu akikimbia atavutika, ya pili mtu kasimama kama kagandishwa na nyuma kumekuwa laini. Ukilala na hesabu hiyo kichwani wiki moja haitoki tena.

Sasa modi. Kuna maneno yanazunguka kwa wapiga picha wa mjini kwamba fundi wa kweli anatumia M tu, ile unayojipangia shata na apacha mwenyewe, na ukionekana na kamera kwenye A au P, ambayo kamera inakupangia zote mbili, wewe ni mwanafunzi. Maneno haya yameharibu picha nyingi. Nimemuona kaka mmoja kwenye send-off, mtu mwenye lenzi nzuri kabisa, anahangaika na gurudumu la M wakati bibi harusi anatoka ndani kwenye taa kwenda nje kwenye jua la saa kumi, akapata fremu ya kwanza nyeupe pee, ya pili nyeupe, ya tatu ndo akawa amefika, na ile hatua ya mlangoni, baba kamshika binti mkono, imeondoka. Hizi modi hazikutengenezwa kuwa ngazi za kupanda kutoka ujinga kwenda ufundi. Canon A-1 ya 1978 ilikuwa na P na ilikuwa kamera ya watu wa kazi.

Mi nachagua modi kwa kujiuliza swali moja kabla sijainua kamera: hapa kinachobadilika ni nini, ni mwanga au ni vitu? Kama mwanga umetulia ila vitu mbele yangu vinabadilika rangi, anapita wa kanzu, anapita wa baibui, anapita wa suti nyeusi na gauni jeupe, basi nafunga M, napima kiganja mara moja, na sigusi tena mpaka mwanga ubadilike. Kama mwanga wenyewe ndo hautulii, mawingu yanapita, tunatembea kutoka kivulini kwenda juani, basi M itanichelewesha, natumia A na kidole gumba kinakaa kwenye kitufe cha jumlisha na toa, kile kinachoiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga kwa stopu. Na kama kinachoweza kuniharibia ni mwendo wa kitu, hapo shata ndo ya kwanza, mengine baadaye. Kiasi kikubwa cha kazi zangu kinaishia kwenye hayo matatu.

Turudi msikitini. Ndani ya msikiti taa za juu hazibadiliki, dirisha mchana linabadilika kidogo kidogo tu, na nguo zote nyeupe ila kuna mzee mmoja daima na joho jeusi. Ni M moja kwa moja. Naingia mapema, navua viatu, natafuta pale watakapokaa maharusi na walii, naweka kiganja, napima. Mara nyingi inanijia apacha 2.8, shata 1/100, ISO 1600 au 3200. Mbona 1/100 na sio 1/160? Umeme wetu ni hezi 50, kwaiyo taa nyingi za tubu na za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni, na ukitumia shata ya haraka fremu moja inakuja njano, nyingine kijani, nyingine ina mikanda ya giza, alafu unahangaika usiku kucha kulinganisha rangi. Kwenye 1/100 au 1/50 unakula mzunguko mzima na fremu zinakuja zimefanana. Watu wamekaa chini wametulia, 1/100 inawatosha. Kamera yako kama ina kile kipengele cha kuzuia kupepesa, kiwashe, kinasaidia.

Msafara ukitoka nje, tarumbeta zimeanza, watu wanacheza, magari yamepangwa, hapo nageuza gurudumu kwenda A kabla sijavuka mlango. Apacha 4 au 5.6 ili watu wawili watatu wawe ndani ya fokasi pamoja, ISO naiweka oto lakini naipa masharti, kwenye menyu kuna sehemu unaiambia shata isishuke chini ya kiwango fulani, mi naweka 1/250 maana usipoiambia kamera inaweza kukuchagulia 1/60 na watu wanacheza, utapata mikono imevutika. Alafu kidole gumba. Kundi la kanzu limejaa fremu, jumlisha moja. Bibi harusi gauni jeupe kajaza fremu, jumlisha moja, ila angalia lile taa linalowaka kwenye skrini sehemu zilizoungua, shanga za gauni zikiungua kidogo sio kesi, kitambaa chote kikiungua ni kesi. Mabaibui yamejaa fremu, toa moja, la sivyo kamera itavuta mwanga mpaka nyuso za mama zetu ziwe zinang'aa kama zimepakwa poda. Mtu kasimama na anga nyuma yake, jumlisha moja na nusu, ile ya mzee na kitufe chake kilichosuguka.

Ukumbini usiku ni dunia nyingine na nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndo hela ya wapiga picha wengi ilipo na hapa ndo picha mbaya nyingi zinatoka.

Ukumbini kuna mianga ya aina mbili na unatakiwa uiendeshe tofauti kama mtu anayepika wali na mchuzi kwenye majiko mawili. Kuna mwanga wa ukumbi, zile taa za mapambo, mishumaa, skrini kubwa, huu unatawaliwa na shata, apacha na ISO. Na kuna mwanga wa flashi yako, huu shata haiugusi kabisa kwa sababu flashi inawaka na kuzima kwa muda mfupi kuliko shata inavyokaa wazi, unatawaliwa na apacha, ISO na nguvu ya flashi yenyewe. Ukishaelewa hilo tu, mapambo yanaanza kuonekana. Mtu anayepiga 1/200, apacha 8, ISO 200 na flashi usoni, anapata nyuso zinang'aa na nyuma ni giza kama wamepigwa chooni, wakati kamati imelipa mamilioni ya mapambo. Mi naweka M, shata 1/80 mpaka 1/100, apacha 3.5 au 4, ISO 1600, napiga fremu moja bila flashi kwanza naangalia ukumbi peke yake, nataka uwe giza kidogo kama stopu moja na nusu chini, rangi zionekane. Ukikaa sawa nawasha flashi kwenye TTL, inajipima yenyewe kwa ajili ya watu, na ya flashi nayo ina jumlisha na toa yake. Gauni jeupe likijaza fremu flashi nayo inadanganyika vile vile, jumlisha.

A na flashi ukumbini usijaribu hovyo, kamera nyingine zikiwa kwenye A zinapima giza la ukumbi na kukupa shata ya 1/15, flashi inamgandisha mtu alafu kivuli chake kinavutika pembeni. Na usivuke shata ya 1/200 au 1/250 na flashi ya kawaida, utaona utepe mweusi umekata picha upande, sio kamera mbovu, ni mapazia ya shata hayajafunguka yote wakati flashi inawaka.

Jambo moja dogo ila limenitesa sana: dari. Watu wanafundishwa rusha flashi juu ya dari irudi laini. Kumbi zetu nyingi dari lake limefunikwa vitambaa, mwaka huu zambarau, mwaka kesho kijani cha jeshi au rangi ya peach, na mwanga unaporudi unarudi na rangi ya kitambaa, unampaka mtu usoni. Uso mweusi uliopakwa zambarau kuurudisha ni kazi ngumu mno. Kwaiyo naingia ukumbini naangalia juu kwanza kabla ya kuangalia maharusi, nikiona kitambaa cha rangi natafuta ukuta mweupe pembeni au nyuma yangu narusha huko, na kama hakuna namuomba kijana anishikie kile kitambaa cheupe cha kurudisha mwanga, nampigia humo.

Jukwaani ni tofauti tena. Bendi au msanii wa bongo fleva, taa zinabadilika kila sekunde, nyuma giza totoro. Mita ikiona giza lote lile inavuta mwanga juu, msanii anaungua uso. M, apacha 2.8, 1/250, ISO 3200, nasubiri taa nyeupe au ya njano imguse ndo napiga, nyekundu na bluu naziogopa kwa sababu zinajaza mfereji mmoja wa rangi mpaka juu wakati miwili mingine mitupu, histogramu ya jumla, ile grafu ya mwanga kwenye skrini, inakwambia pako sawa na uso umeshaungua wekundu. Fungua histogramu ya rangi tatu, sio ile ya kijivu peke yake. Mwezi mpevu nao ni hadithi hiyo hiyo, watu wanalalamika unatoka duara jeupe tupu, ni kwa sababu mita inasoma anga jeusi. Mwezi umepigwa na jua, ni kitu cha mchana. M, ISO 100, 1/100, apacha 11, utaona mabaka yake.

Mechi za ndondo, soka la mtaani, zinanifurahisha kuliko karibu kazi yoyote. Uwanja wa vumbi, saa kumi na moja, jua limelala upande mmoja, nusu ya uwanja ni kivuli cha maghorofa na nusu ni dhahabu, na winga anakimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine ndani ya sekunde tatu. Hapa mwanga unabadilika NA mwendo ndo mwenye amri, kwaiyo natumia M lakini ISO naiacha oto. Shata 1/1000, apacha 2.8 au 4 kama lenzi ndo inaishia hapo, zote nimezifunga mi, kamera inacheza na ISO peke yake. Kamera nyingi za sasa hata kwenye M hii jumlisha na toa inafanya kazi, nikiona jezi nyeupe zimezidi nasogeza. Hii njia ndo ninayomuonyesha mtu yeyote anayepiga watoto wanaokimbia, ndege, pikipiki, chochote kinachokimbilia kusikojulikana.

S, ile unayochagua shata wewe na kamera inachagua apacha, Canon wanaiita Tv, naitumia kwa kitu kimoja ambacho nakipenda sana, daladala au bodaboda inapita mbele yangu nami nataka ionekane inakimbia. Shata 1/30, unaifuata kwa kiuno sio kwa mikono tu, unaendelea kuifuata hata baada ya kubonyeza, boda inasimama na mji wote nyuma unakuwa mistari. Kumi za kwanza zitaharibika zote. Mchana wa jua kali 1/30 itakataa, apacha itagonga mwisho 22 na bado mwanga umezidi, kwaiyo subiri jioni au weka kioo cheusi mbele ya lenzi.

Na jua letu la mchana, hili tusilifiche. Dar iko nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, kwaiyo mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la saa sita na ushee linasimama utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Macho yanakuwa mashimo, chini ya pua kunakuwa na sharubu ya kivuli. Hakuna modi itakayokuokoa hapo. Ile kanuni ya zamani ya apacha 16 na shata sawa na ISO, yaani ISO 100 shata 1/100, itakupa mwanga sahihi wa jua kali bila hata mita, ila mwanga sahihi sio mwanga mzuri. Mtoe mtu juani mpeleke ukingoni mwa kivuli cha mwembe, ukingoni sio ndani, aangalie nje kwenye mwanga. Ufukweni mchanga mweupe unamrudishia mwanga kutoka chini, hilo ni zawadi, ila mchanga huo huo unaidanganya mita kama kanzu, kwaiyo jumlisha moja. Ukilazimika kupiga juani, flashi kidogo ya kujaza macho.

Asubuhi Feri, boti zinarudi na samaki, jua linatoka baharini nyuma ya wavuvi. Kuna picha mbili pale na huwezi kuzipata zote kwenye fremu moja. Ukitaka umbo, mtu mweusi kabisa mbele ya anga la machungwa, pima anga pembeni ya jua, toa moja, mtu anakuwa kivuli safi. Ukitaka uso wa yule mzee anayekunja nyavu, salimia kwanza, omba ruhusa, alafu zunguka uwe na jua mgongoni kwako au umpime uso na ukubali anga liungue. Wengi wanakaa katikati wakitegemea programu, wanapata anga lililofifia na uso wa majivu. Amua. Jioni nayo usizubae, sisi magharibi yetu ni fupi, jua likizama una kama dakika 20 za anga la bluu alafu giza limeshika, kwaiyo mimi ISO naanza kuipandisha kabla sijaambiwa, 400, 800, 1600, nakagua kila dakika tatu nne.

Nimeshataja majivu mara mbili, ngoja nilimalize. Ngozi nyeusi ikipigwa giza alafu ikavutwa juu kwenye kompyuta haitoki kuwa ngozi, ule wekundu na udhahabu ulio ndani yake ulishapotea kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, kinachobaki ni kijivu na chenga. Maabara za filamu za Kodak kwa miaka mingi tangu 1950 na kitu zilikuwa zinalinganisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, uso wake ndo ulikuwa kipimo cha rangi ya binadamu, na mzee wa Kariakoo anasema alikuwa akisafisha filamu akimpa mteja picha kwa aibu. Leo maabara iko mkononi mwetu. Hakuna kinachotuzuia kuupa uso wa mtu wetu mwanga unaoustahili pale pale, ndani ya kamera. Mi napiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, napima kiganja, na nikiwa na wasiwasi kati ya ISO 800 yenye giza na ISO 3200 yenye mwanga wa kutosha nachukua 3200 bila kufikiri. Na kati ya chenga na mtikisiko nachukua chenga, maana chenga zinapunguzika, picha iliyotikisika imetikisika. Paji la uso likiwa na jasho linang'aa, usipunguze mwanga wa picha nzima kwa ajili ya paji, mpe mtu kitambaa afute.

Porini nimeenda mara chache, sitajifanya mjuzi. Ndege anayeruka 1/2000 au zaidi na jumlisha moja kwa sababu ya anga, mnyama aliyelala 1/250 inatosha, dereva azime injini maana gari zima linatetemeka, na mfuko wa mchele dirishani unashikilia lenzi ndefu vizuri sana.

Kamera yako kama ina C1, C2, C3 kwenye gurudumu, zile nafasi za kuhifadhi mipangilio yako, zitumie. Yangu C1 ni nikaha na kanisani, M, 1/100, 2.8, ISO 1600, spoti. C2 ni nje, A, oto ISO na ile 1/250. C3 ni ndondo. Hivyo mlango ukifunguka ghafla nageuza klik moja. Na kila usiku kabla ya kuweka betri kwenye chaji narudisha jumlisha na toa kwenye sifuri, maana Jumapili moja kanisani nilipiga nusu saa nzima ya ubatizo nikiwa kwenye toa mbili nilizoziacha Feri Jumamosi asubuhi.

Ukiwa na siku moja huru fanya hivi. Anika kanzu nyeupe kwenye kamba ya nguo na pembeni anika baibui au shuka jeusi, asubuhi saa tatu hivi. Muombe mdogo wako asimame mbele ya kanzu, weka A, piga moja, umjaze yeye na kanzu tu. Asogee mbele ya baibui, piga moja bila kugusa kitu. Alafu geuza M, nyoosha kiganja, pima kwa spoti, ongeza stopu moja, mpige tena mbele ya kanzu na tena mbele ya baibui. Weka picha nne pamoja kwenye skrini kubwa, ziba nguo kwa vidole uache nyuso tu, na uangalie ni zipi mbili ambazo mdogo wako ni yule yule.